Chura na Nyuzi Zake

1. Mnyama anayedharauliwa

Mvua inyeshapo, vyura hulia katika vidimbwi. Watoto wengine huwatupia mawe na kusema: «Chura ni mnyama duni, hana kitu.» Maneno hayo si kweli. Ndani ya mwili wa chura mna jambo ambalo wataalamu wamelistaajabia miaka mingi.

2. Seli na kromosomu

Mwili wa kila mnyama umejengwa kwa vipande vidogo sana, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Kipande kimoja huitwa seli. Kwa kawaida jicho peke yake haliwezi kuiona. Sharti kutumia mikroskopu. Ndani ya seli mna kiini, na ndani ya kiini mna nyuzi zinazoitwa kromosomu. Mtu ana kromosomu 46: fungu la 23 kutoka kwa baba, na fungu la 23 kutoka kwa mama.

Katika nyuzi hizo yameandikwa maagizo ya kuujenga mwili. Herufi zake ni nne tu, lakini hurudiwa mara nyingi mno. Fungu moja la mtu lina herufi miliari 3 hivi. Miliari moja ni milioni 1000. Nyuzi zote za seli moja zikinyoshwa na kuungwa, urefu wake ni kama metre 2. Basi zinaeneaje katika kiini kidogo namna ile? Uzi umezungushwa juu ya vipira vidogo vya protini, kisha umekunjwa tena na tena, kama fundi wa nguo anavyozungusha uzi wake usije ukatatizana.

3. Mwenye uzi mrefu

Katika nchi ya Meksiko, katika ziwa la Xochimilco, yuko mnyama aitwaye aksoloti. Ni ndugu wa chura, lakini ana mkia. Kromosomu zake ni 28 tu, chache kuliko zile za mtu. Lakini mwaka wa 2018 wataalamu walitangaza hesabu ya herufi zake: miliari 32! Ni mara kumi kupita mtu. Nyuzi za seli yake moja zikinyoshwa, zinapita metre 20.

Je, aksoloti ana akili mara kumi kupita mtu? Hapana. Sehemu kubwa ya maandiko yake ni maneno yale yale yaliyonakiliwa tena na tena, kama mwanafunzi aliyejaza daftari kwa sentensi chache tu. Wingi si hoja.

Tena uzi mrefu ni mzigo. Wataka kiini kikubwa, na kiini kikubwa chataka seli kubwa. Seli kubwa hugawanyika polepole. Huko Australia yuko chura mdogo mwenye herufi miliari 1 tu. Yeye hutaga mayai katika vidimbwi vya mvua, na watoto wake, yaani viluwiluwi, sharti wakue upesi kabla maji hayajakauka. Wataalamu hufikiri kwamba uzi mfupi wamsaidia.

4. Vyura wa Kivu

Katika Afrika wako vyura wenye kucha nyeusi miguuni. Hawana ulimi, na hukaa majini karibu siku zote. Aina moja ya Afrika ya magharibi ina kromosomu 20. Aina nyingine, iliyo maarufu kusini, ina 36. Hizo 36 zimetoka wapi? Zamani sana, yapata miaka milioni 17, aina mbili za vyura zilizaana. Kila moja ilikuwa na kromosomu 18. Uzao wao ukashika zote za pande mbili.

Jambo hilo likatokea tena. Katika mabwawa ya nchi za juu za Kivu na Rwanda, wako vyura wenye kromosomu 72, yaani 36 mara 2. Na katika bonde la Semliki, chini ya milima ya Ruwenzori, yuko mmoja mwenye 108, yaani 36 mara 3!

5. Kitabu kikipotea

Leo aksoloti wamebaki wachache sana katika ziwa lao. Maji yamechafuka, na samaki walioletwa kutoka mbali hula mayai na watoto wao. Bwawa likikaushwa au kutiwa sumu, vyura wake hufa, na maandiko yao hufa pamoja nao. Hakuna fundi awezaye kuyaandika upya. Basi mtoto mwenye akili huliacha jiwe chini, akamwacha chura alie.

Maulizo

1. Kromosomu ziko wapi?
2. Uzi mrefu unaeneaje katika kiini kidogo?
3. Kwa nini aksoloti hapiti mtu kwa akili?
4. Chura wa Semliki ana kromosomu ngapi kupita mtu?
5. Taja mambo mawili yanayowaangamiza aksoloti.