Walipoupima Ubongo wa Mwafrika kwa Mizani

Kama umewahi kuishi Nyamira au Kisii, msomaji, bila shaka unaijua mizani ya kituo cha kununulia majani chai. Mama hufika na kikapu mgongoni, karani huning'iniza mzigo, hutazama mshale na kutaja kilo. Mama naye hukodoa macho, kwa maana anajua kwamba mkono ulioshika mizani unaweza kumlisha au kumlaza na njaa.

Leo nakuletea kisa cha mizani nyingine. Hiyo haikupima chai wala kahawa. Ilipima ubongo wa babu zetu, na waliousoma mshale wake walikuwa madaktari.

Mwaka 1934, Dkt. F. W. Vint, aliyefanya kazi katika maabara ya serikali ya kikoloni mjini Nairobi, alichapisha huko Uingereza makala kuhusu ubongo wa wenyeji wa Kenya. Alisema kwamba wastani wa uzito wake ulikuwa gramu 1,276, yaani pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ubongo wa Mzungu. Mwenzake, Dkt. H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari, alikuwa amekwisha kupima vichwa vya Waafrika waliokuwa hai. Yeye alionya kwamba kumpa Mwafrika elimu ya Kizungu kungeweza kumharibu akili.

Mwaka 1933 Gordon na wenzake waliunda mjini Nairobi chama cha kuchunguza jinsi ya kuboresha mbari za watu. Hawakuwa wahuni wa mitaani, la! Walikuwa wasomi na watu wenye vyeo.

Mbegu bora, mbegu mbaya

Fikra hizo zilikuwa na jina: yujeniki. Mwingereza Francis Galton ndiye aliyelibuni jina hilo mwaka 1883. Kwa lugha nyepesi, ni kumtendea binadamu kama mkulima anavyomtendea ng'ombe wa gredi: walio na "damu bora" wazae kwa wingi, na walio na "damu mbaya" wazuiwe. Swali ambalo halikuulizwa ni hili: nani atakayeamua damu ya nani ni bora?

Nchini Marekani swali hilo lilijibiwa na wanasiasa. Jimbo la Indiana lilipitisha mwaka 1907 sheria ya kuwafunga uzazi kwa lazima watu walioitwa wapungufu wa akili. Gavana aliyeitia sahihi, Frank Hanly, alikuwa wa chama cha Republican. Mwaka 1911 gavana wa New Jersey alitia sahihi sheria kama hiyo. Huyo alikuwa Woodrow Wilson wa chama cha Democratic, ambaye baadaye alikuwa Rais, na chini ya serikali yake wafanyakazi weusi walitengwa na weupe katika ofisi za umma.

Mwaka 1924 Rais Calvin Coolidge, wa Republican, aliidhinisha sheria iliyobana uhamiaji kutoka kusini na mashariki mwa Ulaya na kuwafungia mlango karibu watu wote wa Asia. Mwaka 1927 majaji 8 kati ya 9 wa mahakama ya juu kabisa waliamua kwamba jimbo la Virginia lilikuwa na haki ya kumfunga uzazi msichana maskini aliyeitwa Carrie Buck. Kabla ya mambo hayo kukomeshwa, zaidi ya watu 60,000 walikuwa wamefanyiwa hivyo nchini humo.

Unaona, msomaji? Vyama vilikuwa viwili, mizani ilikuwa moja. Vilishindana kwa mambo mengi, lakini havikugombana sana kuhusu nani awekwe chini.

Mizani yafika Gusii

Huku kwetu, mizani ilitanguliwa na bunduki. Mapema mwaka 1908 kijana Otenyo, akichochewa na nabii Moraa, alimchoma mkuki mtawala wa Kiingereza G. A. S. Northcote, ambaye Wagusii walimwita Nyarigoti. Northcote alipona. Wagusii hawakupona. Askari walichoma nyumba, wakateka ng'ombe na kuua watu wengi, hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni huko London, akalalamika. Otenyo aliuawa. Hadi leo wazee husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na wamekuwa wakidai kirudishwe.

Zama hizo wataalamu wa Ulaya walikusanya mafuvu ya watu waliowatawala, wakayapima na kuyapanga kwenye makabati kama vikombe. Ndiyo maana dai la wazee hao si hadithi ya kuota moto tu. Mtu ambaye kichwa chake kinaweza kuwekwa kabatini ni mtu ambaye ardhi yake pia inaweza kuchukuliwa.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. Walowezi hawakumpima Mwafrika kwanza, kisha wakagundua kwamba hafai. Walikwisha kutwaa nyanda za juu, wakahitaji vibarua, na hawakutaka washindani. Kipimo kilikuja baadaye kutoa sababu. Eneo la Borabu, ambalo leo liko katika Kaunti ya Nyamira, lilikuwa mashamba ya walowezi hadi lilipogawiwa Wagusii karibu na wakati wa uhuru.

Tazama pia kahawa. Kwa miaka mingi Waafrika walizuiwa kuikuza. Walowezi walisema kwamba mwenyeji hana ujuzi, ataeneza magonjwa na kuharibu sifa ya kahawa ya Kenya. Lakini walijua vilevile kwamba mtu mwenye mibuni yake haendi kuchuma ya mwingine kwa ujira wa senti. Katika miaka ya 1930 serikali iliruhusu majaribio katika sehemu chache tu, Kisii ikiwa mojawapo, pamoja na Meru na Embu. Kumbe mkulima wa Kisii aliweza! Mibuni haikuuliza uzito wa ubongo wa aliyeipanda.

Na hili la ajabu zaidi: mwaka uleule wa 1934, Vint alipotoa makala yake, ilianzishwa shule ya serikali ya Waafrika mjini Kisii, ambayo leo ni Kisii School. Daktari Nairobi anaonya kwamba masomo yatamharibu Mwafrika, na huku Kisii vijana wanafungua daftari.

Gordon na wenzake waliiomba London fedha za utafiti zaidi. Walinyimwa, na chama chao kikafifia. Huko Ujerumani nako, Hitler alikuwa amepitisha mwaka 1933 sheria ya kuwafunga uzazi watu, na dunia ikaja kuona mwisho wa njia hiyo: mauaji ya mamilioni.

Kura ya mmoja, kura tatu

Lakini tabia ya kupima watu haikufa na Hitler. Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe 8 wa Baraza la Kutunga Sheria. Ili uandikishwe ulitakiwa kuonyesha elimu, mali, kipato au utumishi wako, na mpiga kura mmoja aliweza kupewa hadi kura tatu kwa kadiri ya "ubora" wake. Mzungu mtu mzima hakuulizwa cheti cha shule.

Wakati huohuo, katika majimbo ya kusini ya Marekani yaliyoshikwa na Democratic, mtu mweusi alipewa mtihani wa kusoma kabla ya kuandikishwa, na karani mweupe ndiye aliyesahihisha. Karani yule yule wa mizani, msomaji! Mitihani hiyo ilivunjwa nguvu na sheria ya mwaka 1965, iliyotiwa sahihi na Rais Lyndon Johnson, naye wa Democratic. Chama hubadili shati, basi usimpe mtu alama kwa rangi ya shati lake.

Sayansi nayo ilijisahihisha. Mwaka 1970 Phillip Tobias, mtaalamu wa Afrika Kusini, alionyesha kwamba hesabu za akina Vint haziwezi kutegemewa. Uzito wa ubongo hutegemea ukubwa wa mwili, lishe, umri, ugonjwa uliomwua mtu, hata muda uliopita kabla ya kupimwa. Wala uzito huo si kipimo cha akili. Tofauti kubwa zaidi za kurithi zimo ndani ya kila kundi la watu, si baina ya kundi na kundi.

Mizani ya mezani kwetu

Sasa tufunge kitabu cha Wazungu, tutazamane. Nyani haoni kundule. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi, vijana walikabiliana kwa mishale na mapanga katika mpaka wa Borabu na Sotik. Hawakuwa wamepimwa fuvu na mtu yeyote. Walikuwa wameambiwa tu kwamba wale wa ng'ambo ni watu wa aina nyingine.

Maneno hayo hayaanzii jukwaani. Huanzia nyumbani, baba anaposema "ukoo ule hauna viongozi," au mama anapokataa posa kwa kuwa "kabila lile lina damu mbaya." Mtoto anayesikiliza huku akila ugali wake hufundishwa yujeniki bila kulijua neno lenyewe.

Kwa hiyo mwanao akikuuliza jioni ya leo kwa nini fulani asichaguliwe au asiolewe, usimtajie damu. Mtajie tendo. Na ukikosa tendo la kutaja, basi mzazi mwenzangu, ujue kwamba mizani unayo mkononi, na wewe ndiye karani.