Bonasi, mvua ya mawe na tundu la sidii

Bonasi ya majani chai ilipoingia Oktoba, ndugu yangu alinipigia simu kutoka Chepseon. Baada ya salamu ya chamgei na habari za ng'ombe akafikia alilolitaka: kijana wake alikuwa amemwomba mashine ya gemu. "Heri achezee hapa nyumbani nikimwona," akasema, "kuliko kule stejini." Akanisomea majina matatu ambayo kijana aliyaandika nyuma ya daftari: PS5, Xbox Series S na PS4. Mimi ndiye wa kuchagua.

Jumamosi nikapanda matatu ya Kericho kutoka Nakuru na kushukia Chepseon. Sikwenda kwa ndugu yangu kwanza, nilikwenda stejini. Kibanda cha gemu ni mabati matupu, benchi mbili, televisheni mbili na PS4 mbili, mechi shilingi 20. Vijana wawili waliokuwa wakicheza walikuwa na vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Walitoka shambani moja kwa moja. Kijiti cha kushoto cha pedi moja, kile cha kumkimbiza mchezaji, mpira wake ulikuwa umelika wote, na mwenye kibanda amekivika kipande cha tyubu ya baiskeli. Nilipomuuliza mbona hajahamia PS5, alivuta katoni ya sidii kutoka chini ya meza. Nyingine ni zake, nyingine za watu. Zinazunguka mpaka Kipkelion na Londiani, na zinarudi.

Katoni hiyo ndiyo iliyonipa jibu.

Xbox Series S huvutia mfuko haraka. Ilipotoka Novemba 2020 iliuzwa dola 299 Marekani, huku PS5 yenye sehemu ya sidii ikiuzwa dola 499. Ni ndogo na haili umeme sana: wati 75 hivi ikicheza, ilhali PS5 hufika wati 200. Kwa mnunuzi wa tokeni, uniti moja huisha kwa saa tano kwenye PS5, na kwenye Series S hufika kama saa 13, televisheni bila kuhesabiwa. Hapo naisifu kwa moyo wote. Lakini haina tundu la sidii, na haiwezi kuongezewa. Kila gemu lazima ishushwe kwa intaneti. Call of Duty hupita GB 100. Hata ukipata kasi ya megabiti 10 kwa sekunde bila kukatika, utangoja saa 22. Ndugu yangu hununua bando la saa moja ili aangalie bei ya mahindi.

PS5 nayo ina pacha asiye na tundu, Digital Edition, kwa hiyo soma boksi vizuri kabla hujalipa. Ile nyembamba iliyotoka mwishoni mwa 2023 unaweza kuinunulia sehemu ya sidii baadaye, lakini siku ya kuifunga lazima uwe na intaneti. Na Kenya haikuwekewa duka la Sony la mtandaoni. Wachezaji wetu hufungua akaunti kana kwamba wanaishi Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, kisha hutafuta kadi za nchi hiyo hiyo. Kijana anaweza kuzoea hayo yote. Linaloniuma ni kwamba gemu iliyoshushwa haiazimiki wala haiuziki. Sidii ni mali. Karo ikibana, unaiuza. Ukiichoka, unabadilishana na jirani.

Nikamwambia ndugu yangu anunue PS4 Slim iliyotumika, yenye tundu linalofanya kazi, na asikubali iliyochipiwa. Ya kuchipiwa huja imejaa gemu za bure, lakini haithubutu kuingia mtandaoni wala kusasishwa, na siku ikigoma unamtegemea fundi yule yule aliyeichezea. Kijana alinipinga, na alikuwa na hoja: GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series pekee. Ni kweli, PS4 ni ya 2013 na siku zake zinahesabika. Lakini yeye anacheza soka, na FC 26 ya mwaka 2025 ilitolewa kwa PS4 pia. Tena siku akipata PS5 yenye tundu, itasoma sidii hizo hizo za PS4.



Halafu kuna anga. Kericho na milima ya Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na huja mchana, saa za watoto kutoka shule. PS4 ina diski inayozunguka. Umeme ukikatika ghafla, ikiwaka hulalamika na kuanza kujikagua. Nintendo Switch ingeendelea kwa betri yake, na ningeipendekeza kama ningemwona mtu mmoja Chepseon mwenye kadi zake za kubadilishana.

Tulinunua PS4 Slim. Tuliijaribu dukani kwa sidii tuliyoazima kwa mwenye kibanda, tukaingiza na kutoa mara tatu, tukasikiliza feni. Jumapili alasiri mawe yakaanza kudunda mabati, stima ikaenda, na ndugu yangu akaruka kuchomoa waya ukutani. Mtoto wa jirani alikuwa mlangoni, amelowa, amekuja kuchukua sidii yake. Imo ndani ya mashine, na bila stima kitufe hakiitoi. Mama wa nyumba akamwekea kiti karibu na jiko, akammiminia chai, na wote wakakaa kungoja.