PIKAPU ZA PETROLI: HARUFU INAYOKULA FAIDA

Mmiliki wa pikapu kuukuu anayesomba kahawa kutoka Kitura hadi Mbinga mjini, au usipa kutoka Mbamba Bay, hununua petroli iliyokwisha kubebeshwa gharama ya usafiri kutoka bandarini. Ndiyo maana bei kikomo za EWURA, zinazotangazwa kila mwezi, huwa juu Mbinga kuliko Dar es Salaam. Harufu ya petroli ikisikika gari likiwa limeegeshwa, mali inapotea.

Gari la petroli huzuia mvuke wa tangi kwa kuupitisha kwenye kopo la mkaa. Injini ikiwaka, vali hufunguka, mvuke ukavutwa na kuchomwa. Pikapu za dizeli hazina mfumo huo.

Hata hivyo, mvuke unaopotea ni mdogo; hasara kubwa ni kununua vipuri kwa kubahatisha. Ukaguzi uanze na kilicho rahisi: mfuniko wa tangi na mpira wake wa kuzibia. Ifuate mipira inayokwenda koponi, ambayo hukauka na kupasuka. Kisha vali: injini ikiwa imezimwa, nyingi hazipitishi hewa zikipulizwa, inayopitisha imekwisha. Kopo, ambalo ni ghali, liwe la mwisho.

Fundi asijaze upepo wa kompresa tangini, kwani tangi huweza kupasuka. Matone yakionekana, huo si mvuke tena: gari lisimame na moto uwekwe mbali. Mwenye gari naye aache kujaza tangi hadi shingoni. Petroli ikiingia koponi huharibu mkaa.