Punje nyekundu kwenye chekeche: je, almasi iko karibu?

Msikilizaji, ukifika Maganzo au kijiji kingine jirani na mgodi wa Mwadui, wilayani Kishapu, utawakuta wachimbaji wadogo wakiosha changarawe. Wengi hutafuta kwanza punje nyekundu za ganeti na punje nyeusi, nzito, zinazong'aa, ziitwazo ilmenaiti. Zikionekana, matumaini hupanda. Je, kweli zinaonyesha almasi? Jibu lina pande mbili, na kulijua kunaweza kukuepusha kuuza ng'ombe kwa ajili ya shimo tupu.

Tuanze na asili yake. Mwadui palikuwa na volkeno. Makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, mawe yaliyoyeyuka yalipanda kwa kasi kutoka kina cha zaidi ya kilomita 150, yakapasua granaiti ya kale, ile ile tunayoiona kwenye vilima vya Shinyanga. Mlipuko uliacha shimo lenye umbo la faneli, pana juu na jembamba chini. Ndani yake mlijaa mchanganyiko: uji wa mawe ulioganda, vipande vya granaiti vilivyovunjika njiani, na punje zilizobebwa kutoka kilindini. Baadaye maji yalituama juu yake, likawa ziwa.

Mwamba wa namna hii huitwa kimbalaiti, kutokana na mji wa Kimberley, Afrika Kusini. Huu wa Mwadui uligunduliwa mwaka 1940 na mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson. Una ukubwa wa karibu hekta 146, na ni miongoni mwa mikubwa zaidi duniani iliyowahi kuchimbwa almasi.

Jambo la kukumbuka ni hili: volkeno haikutengeneza almasi. Almasi ilikuwepo kilindini muda mrefu kabla ya mlipuko. Volkeno ilikuwa lori tu, na almasi ilikuwa abiria. Ganeti na ilmenaiti nazo ni abiria wa lori hilo hilo, ila zenyewe ni nyingi mno, ndiyo maana huonekana kwanza.

Lakini lori linaweza kupita mahali pasipo na abiria unayemtaka. Tanzania ina mamia ya miamba ya kimbalaiti, na michache sana ndiyo yenye almasi za kutosha kulipa gharama za kuchimba. Tena, ziko ganeti zinazotoka kwenye miamba isiyohusiana kabisa na volkeno. Kwa macho, zinaweza kufanana.

Wanasayansi walitumia njia hii hii ya kusoma punje hata kwa udongo wa mwezini. Mwaka 1969 chombo cha Apollo 11 kilileta duniani karibu kilo 22 za mawe na udongo. Vipande vyeusi vilikuwa zaha iliyoganda. Vyeupe vichache vilirushwa pale kutoka kwenye milima ya mbali, vimondo vilipopiga. Mwaka 1972 Apollo 17 ilileta udongo wa rangi ya chungwa: vitone vya kioo vilivyorushwa na volkeno zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Mwezini hakuna mvua wala mito, kwa hiyo punje hazikusuguliwa na maji.

Kwetu mvua ipo, na hiyo inatusaidia. Punje iliyosafirishwa mbali na maji huwa laini na ya mviringo. Iliyo karibu na chanzo chake mara nyingi bado ina uso wa kukwaruza, pengine na ganda la mwamba wake. Kwa hiyo ukipata ganeti, uliza: zina umbo gani? Zinaongezeka ukielekea upande gani wa korongo? Chini ya udongo mweusi wa mbuga, kuna udongo wa njano, na chini zaidi wa kijani au bluu? Huo huweza kuwa kimbalaiti iliyooza.

Hata majibu yakiwa mazuri, kinachotofautisha ganeti za kilindini na za kawaida ni kipimo cha maabara. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), iliyopo Dodoma, ina maabara ya kupima miamba na madini. Ofisi ya Tume ya Madini nayo itakueleza kama eneo lina mwenye leseni.

Punje nyekundu ni shahidi wa kweli kwamba huenda volkeno ilipita jirani. Lakini ushahidi wa almasi ni almasi yenyewe. Tuipime changarawe kwanza, ng'ombe abaki zizini.