Mzazi amezeeka: akae wapi, atunzwe na nani?

MARA nyingi sisi madaktari huletewa mzee aliyetolewa Gatundu au Murang'a baada ya kuanguka au kupooza upande mmoja. Mwanawe amemweka kwake Ruiru, orofa ya nne, na jengo halina lifti. Chakula kipo na nyumba ni safi, lakini mzee hashuki ila kwa kubebwa. Anashinda kitini kutwa, misuli inalegea, na baada ya miezi michache hata kusimama ni shida.

Kabla ya kuamua akae wapi, chunguza kwanza anaweza nini. Je, anafika chooni bila kushikwa? Anameza dawa za presha au za kisukari kwa wakati? Anakumbuka kuzima jiko? Ikiwa haya yote anayamudu, sioni sababu ya kumng'oa kwake. Afadhali pesa za kumhamisha zitengeneze nyumba: taa ya kwenda chooni usiku, chuma cha kushikilia ukutani, na mikeka inayoteleza iondolewe. Apimwe macho pia. Kadhalika dawa zake zikaguliwe, maana za presha na za usingizi huweza kumletea kizunguzungu anapoinuka kitandani. Mkongwe akivunjika nyonga, aghalabu harudii nguvu zake za awali.

Kwa aliyeanza kupoteza kumbukumbu, mambo ni tofauti. Huyu hawezi kuachwa peke yake, na kila makao mapya humchanganya zaidi. Ndiyo maana sipendi desturi ya ndugu kupokezana mzazi: mwezi huu Thika, mwezi ujao Ruiru, mwezi wa tatu Nairobi. Wapokezane gharama na zamu za wikendi, lakini mzazi akae mahali pamoja. Ikiwa ni lazima aje mjini, mtafutie chumba cha chini, hata kama ni kwenye ploti ya jirani kule Makongeni au Kimbo, ili aweze kuota jua na kuongea na watu.

Suala la mtunzaji nalo halijafikiriwa vya kutosha. Msichana aliyeajiriwa kufua na kupika hugeuzwa muuguzi kwa mshahara ule ule. Afundishwe kumwinua mgonjwa bila kuumia mgongo, na kumgeuza aliyelala kitandani kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda. Naye apewe siku ya kupumzika. Iwapo mgonjwa ana mpira wa mkojo au analishwa kwa mpira wa puani, tafuta muuguzi wa kweli, na umwombe akuonyeshe leseni yake kutoka Baraza la Wauguzi la Kenya. Kabla ya kutoka wadi ya Thika Level 5 au hospitali nyingine yoyote, mwombe mtaalamu wa mazoezi ya viungo akuonyeshe la kufanya nyumbani.

Pesa? Inua Jamii, iliyofunguliwa mwaka wa 2018 kwa wote wa miaka 70 na zaidi, huwapa walioandikishwa Sh2,000 kwa mwezi. Hizo haziajiri mtunzaji. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF ilipoondoka na SHA kuingia, mzazi huandikishwa kivyake, hahesabiwi chini ya mwanawe. Kima cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Usingoje augue ndipo umwandikishe.

Kuna pia makao ya wazee, na wengi huona haya hata kuyataja. Nyumba ya Wazee kule Kasarani, safari fupi ya matatu kutoka Ruiru, huendeshwa na watawa wa Kikatoliki wa shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka wa 1839. Thogoto, karibu na Kikuyu, yako makao ya kanisa la PCEA. Lakini makao ya namna hii yalikusudiwa hasa maskini na walioachwa bila jamaa. Mwana mwenye mshahara asidhani atampeleka mzazi huko kama mzigo wa stoo. Na usichanganywe na kibao cha 'nasing homu': hapa kwetu mara nyingi hiyo ni hospitali ndogo ya kujifungulia.

Yako ya kulipia pia. Ukiyazuru, nenda bila taarifa, wakati wa chakula. Nusa kama kuna harufu ya mkojo. Uliza nani hukesha usiku, wazee wangapi kwa kila mtunzaji, na mgonjwa akizidiwa saa nane za usiku, gari la kumkimbiza hospitali ni la nani.