Makanisa ya Waskoti: Nairobi na Thogoto

Mtu apitaye karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi huliona kanisa kubwa la mawe la St. Andrew's. Waumini wake wa kwanza, mwanzoni mwa karne ya 20, walikuwa Waskoti waliokuja Kenya kufanya kazi na kulima, nao walisali katika jengo la mabati. Hili la mawe lilijengwa katika miaka ya 1950. Lakini mizizi ya Presbiteri haiko mjini. Iko Thogoto, mwendo wa kilomita 20 hivi upande wa magharibi.

Misheni hiyo ilianzia Kibwezi mwaka 1891, chini ya Dr. James Stewart. Homa ya malaria iliwaua baadhi ya wenzake, na mwaka 1898 Thomas Watson akaihamishia nchi ya Wakikuyu, kwenye baridi. Huko nako ikaja njaa kuu pamoja na ndui. Watson alifariki mwaka 1900. Mkewe Minnie, ambaye alikuwa amekaa nchini mwaka mmoja tu, hakurudi kwao. Aliuguza wagonjwa, akafundisha watoto, akadumu hapo mpaka 1931. Jina Thogoto lenyewe ni neno "Scot" katika kinywa cha Mkikuyu, ambaye lugha yake haina sauti ya "s".

Mwezi wa Juni 1913, wamishenari wa madhehebu mbalimbali walikutana Thogoto kuzungumza juu ya umoja wao. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa, Mwanglikana, aliwapa ushirika mtakatifu wote pamoja katika kanisa la Wapresbiteri. Askofu Weston wa Unguja alipopata habari alikasirika mno, akawashtaki maaskofu wenzake kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Ugomvi ukajaza magazeti ya Uingereza, na ibada moja ya kijijini ikajulikana duniani.

Uchungu mkubwa zaidi ulikuja baadaye. Mwaka 1926 Musa Gitau alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuwekewa mikono kuwa wachungaji, na watu wa Thogoto walianza kuwaza juu ya kanisa jipya kubwa. Ndipo mwaka 1929 Dr. John Arthur alipowataka waumini watie sahihi, au alama ya kidole gumba, kukataa tohara ya wasichana na kujitenga na chama cha Kikuyu Central Association. Alama ile iliitwa "kirore". Mengi yalichanganywa katika karatasi moja: afya ya wasichana, mila, na madai ya ardhi. Watu wengi sana walitoka, ndugu akaachana na ndugu, na waliotoka wakaanzisha shule zao wenyewe.

Hata hivyo waliobaki waliendelea kujenga. Kanisa la Mwenge, lenye kuta nene za mawe, lilifunguliwa mwaka 1933, huku sehemu kubwa ya waliotazamiwa kulijaza wakiwa nje.

Mwaka 1943 Waafrika walipata kanisa lao lenye kujitawala, Presbyterian Church of East Africa, ilhali Waskoti wa Nairobi walibaki chini ya baraza la kwao. Imani ilikuwa moja, nyumba mbili. Mwaka 1956 mabaraza hayo yaliunganishwa, na tangu hapo St. Andrew's na Thogoto hutii Baraza Kuu moja.