Ambreyaje inalia, shofere ndiye analipa?

Kibasi cha ekipe ya usiku kilisimama kwenye mupando, katikati ya Likasi na Kolwezi, saa tano ya usiku. Shofere anakanyaga ambreyaje, pedali inalala chini bila kurudi. Wafanyakazi 18 walikesha pale kando ya barabara mpaka asubui, na ku pwantaje wakaandikwa kwamba hawakufika ku kazi.

Kisha siku mbili, shofere akapokea barua: bei yote ya ambreyaje itakatwa ku mushahara wake, juu "anaendesha vibaya". Akaniletea ile barua, sababu mimi ni delege wa sindika. Mbele ya kwenda kujibu kwa shefu, nikapita kwanza ku garaji. Mutu hawezi kutetea kitu hakijui.

Fundi mumoja muzee akanifundisha namna ya kusikiliza. Motoka isimame, motere iwake, usiingize vitesi.

Kama kelele inasikika wakati mguu haugusi pedali, na ukikanyaga inanyamaza, angalia bwati ya vitesi: rulema ya mutibo unaotoka ku motere imechoka, ao mafuta ya bwati yamepunguka. Kama ni kinyume, kimya kwanza, kisha inalia pale unakanyaga, mara nyingi ni bite, ile rulema inayosukuma mekanisme ya ambreyaje.

Kama vitesi inakwaruza wakati wa kuingia, zaidi ile ya kurudi nyuma, ambreyaje haiachi vizuri: angalia mafuta ya pedali, ao kama hewa imeingia ndani. Kama motere inapanda lakini motoka haiongezi mbio, na harufu ya kuungua inatoka, disiki ndiyo imekwisha.

Kugonga "tok!" pale unaondoka, ku motoka inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ni viungo vya kardani. "Ka-ka-ka" wakati wa kupinda, ku ile inayovutwa na magurudumu ya mbele, ni kiungo cha mutibo karibu na gurudumu. Na kelele inayofuata mbio ya motoka, hata ukikanyaga ambreyaje haibadiliki, tafuta ku diferansieli ao ku rulema za magurudumu.

Sasa turudilie kesi yetu. Niliomba bafungue ambreyaje mbele ya macho yetu sote. Disiki ilikuwa ingali nene, haikuungua. Volani ya motere haikuwa na alama za buluu, zile zinazoletwa na moto mukali. Mutu anayechezesha ambreyaje ku mipando angeiunguza disiki kwanza. Bite ndiyo ilikuwa imekauka na kupasuka, vipande vikala mekanisme.

Nitasema ukweli wote. Nilimuuliza shofere: "Papa, mguu wa kushoto unaulazaka wapi?" Akainamisha kichwa. Alikuwa anauacha juu ya pedali, na hiyo inamaliza bite mbio. Lakini ku kaye ya motoka alikuwa ameandika, wiki tatu mbele: "Kelele nikikanyaga ambreyaje." Shefu aliweka sinyatire yake chini, na motoka ikaendelea kutembea kila usiku.

Ile kaye ndiyo iliokoa mushahara. Makato yakafutwa, shofere akabakia na onyo juu ya mguu wake, na ile siku ya watu 18 ikalipwa.

Kwa hiyo, bandugu mashofere: mguu wa kushoto uukalishe chini kama haubadilishe vitesi. Ukisikia kelele, jaribu na pedali mara mbili, kisha uandike: tarehe, kelele gani, inatoka wakati gani. Shefu atie sinyatire, na wewe upige foto ya ile ukurasa kwa telefoni yako. Kusema kwa kinywa tu hakutoshi. Siku ya barua, kila mutu atasema hakusikia.